Sura ya Tano: Taa Iliyokuwa Haiwaki

Alasiri ya Agosti 18, 1993, ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilikuwa inakaribia kutua katika kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Guantanamo Bay, Cuba. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, jua bado lilikuwepo na injini zote nne zilikuwa nzima. Ndani walikuwemo watu watatu tu: rubani mkuu, rubani msaidizi na mhandisi wa ndege. Magharibi ya njia ya kurukia, umbali wa robo tatu ya maili hivi, upo uzio unaoitenga kambi hiyo na ardhi ya Cuba. Ndege inayotua kwa upande huo hairuhusiwi kuuvuka, kwa hiyo rubani hulazimika kukata kona kali ya kulia akiwa chini, kisha anyooshe na kutua. Ili mpaka uonekane vizuri, palikuwa na taa ya kumulikamulika juu ya mnara wa walinzi.

Siku hiyo taa ilikuwa mbovu, na mwongoza ndege aliyekuwa zamu hakuwa na habari hiyo ya kuwapa marubani.

Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilihifadhi yaliyofuata. Rubani mkuu aliulizia taa iko wapi, akaulizia tena, na tena. Wenzake walimtahadharisha kwamba mwendo umepungua mno, lakini yeye akaendelea kuisaka taa. Kona ikazidi kuwa kali, ndege ikalala ubavu, bawa la kulia likashindwa kuubeba uzito. Ikaanguka kama robo maili kabla ya kuifikia njia ya kurukia na kuwaka moto. Wote watatu waliokolewa wakiwa na majeraha makubwa.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walipozihesabu saa ndipo picha ilipokamilika. Watu hao walikuwa wamesafirisha mizigo usiku kucha. Walipofika Atlanta, zamu yao ikiwa imefikia mwisho, waliongezewa safari nyingine: Norfolk, Guantanamo, halafu kuirudisha ndege Atlanta ikiwa tupu. Ajali ilipotokea, rubani mkuu alikuwa macho kwa saa 23 na nusu, mhandisi saa 21, rubani msaidizi saa 19. Kwa mara ya kwanza bodi hiyo iliutaja uchovu wa marubani kuwa chanzo chenyewe cha ajali kubwa ya ndege.

Baadaye rubani mkuu aliulizwa alijisikiaje katika dakika zile za mwisho. Alieleza kwamba alikuwa mzito na hajali. Hofu hakuwa nayo, wala hakuhisi kwamba usingizi unamchukua. Alisikia sauti za wenzake, lakini hazikumgusa.

Naomba msomaji ulishike jambo hilo, kwa sababu sura hii yote imesimama juu yake. Wengi wetu tunadhani uchovu wa rubani ni kusinzia, kichwa kudondoka, miayo. Hayo huja mwishoni. Kabla yake uchovu huiba kitu cha thamani zaidi, nacho ni uwezo wa kujua kwamba umechoka.

Saa iliyomo mwilini

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho hupishana, lipo fungu dogo la seli linalopiga mapigo ya siku nzima. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Huupandisha joto mwili asubuhi na kuushusha usiku, huamuru homoni ya usingizi itoke giza linapoingia, na hujirekebisha kwa mwanga wa jua. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kuonyesha, kupitia nzi wadogo wa matunda, jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli.

Saa hiyo haijui ratiba ya shirika la ndege. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri huushusha mwili chini kabisa, uwe umelala au unarusha ndege yenye abiria 300. Mtu akivuka bahari na kufika nchi ambayo jua limetangulia saa saba, saa yake ya ndani hubaki nyumbani, kisha hufuata polepole, kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Rubani anayelala hotelini siku moja halafu akarudi, mwili wake haukuwahi kufika alikokwenda.

Pamoja na saa hiyo lipo deni. Kila saa unayokaa macho, kemikali fulani hujikusanya katika ubongo na kuongeza hamu ya kulala. Kahawa huizuia kemikali hiyo isihisike, lakini haiiondoi. Kahawa inapokwisha nguvu, deni liko pale pale na limekua. Ushujaa hauwezi kulilipa, wala mshahara mnono, wala uzoefu wa saa elfu kumi angani. Dawa yake ni usingizi peke yake.

Ukubwa wa deni hilo ulipimwa mwaka 1997 na watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, ambao walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Waliwapima watu wakiwa wamekesha, kisha wakawapima watu hao hao wakiwa wamekunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkatazia mtu kushika usukani wa gari. Aliyefikisha saa 24 alikuwa sawa na mwenye asilimia 0.10. Rubani akinusika pombe atashushwa ndegeni na kazi yake itakuwa mashakani siku hiyo hiyo. Uchovu wa kiwango kile kile hauna harufu, na hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Hata baada ya ajali hauachi alama mwilini.

Mkoromo kwenye kinasa sauti

Usiku wa kuamkia Mei 22, 2010, ndege ya Air India Express aina ya Boeing 737 iliondoka Dubai kwenda Mangalore, kusini magharibi mwa India. Wengi wa abiria wake walikuwa watu wa kazi za Ghuba waliokuwa wakirudi kwao, safari ambayo maelfu ya watu wa Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaijua vizuri: tiketi ya usiku, mizigo iliyofungwa kwa kamba, zawadi za watoto. Marubani walikuwa wametoka Mangalore jioni, wakatua Dubai karibu na saa sita usiku, wakageuza.

Kinasa sauti kilikuwa na saa mbili na dakika tano za mwisho. Kwa saa moja na dakika 40 za mwanzo, sauti ya rubani mkuu haikusikika ikisema neno. Kilichosikika ni pumzi nzito na mkoromo.

Aliamka wakati wa kushuka umefika. Mtu aliyezinduliwa kutoka usingizi mzito hawi mzima papo hapo. Kwa dakika kadhaa, hata nusu saa, ubongo hubaki katika mang'amung'amu: macho yanaona, mikono inafanya kazi, lakini maamuzi hayajafika. Ndege ilikuja ikiwa juu mno na kasi kupita kiasi. Mitambo ilitoa maonyo. Rubani msaidizi alitaka mara tatu kutua kughairiwe na ndege ipae tena. Rubani mkuu akaendelea. Magurudumu yaligusa ardhi njia ya kurukia ikiwa imekwishapita zaidi ya nusu, na uwanja wa Mangalore umejengwa juu ya kilima, mwisho wake ni bonde. Kati ya watu 166 waliokuwemo, walinusurika wanane.

Si kwamba kulala kitini ni kosa daima. Mwaka 1994 shirika la anga la Marekani, NASA, lilichapisha utafiti uliofanywa katika safari ndefu za kuvuka Bahari ya Pasifiki. Kundi moja la marubani lilipewa dakika 40 za kupumzika kwa zamu, huku wenzao wakiwa macho. Walilala kwa wastani wa dakika 26. Walipofika wakati wa kushuka walikuwa wepesi zaidi kuliko kundi ambalo halikupumzishwa. Kundi hilo la pili lilikuwa likipitiwa na usingizi wa kufumba na kufumbua, wa sekunde chache, hata katika dakika za mwisho kabla ya kutua. Kwa hiyo usingizi mfupi uliopangwa, wenye mlinzi, unaomalizika mapema kabla ya kazi nzito, ni dawa. Usingizi unaomwiba mtu kitini bila mpango ni hatari. Baadhi ya nchi zimeruhusu ule wa kwanza kwa masharti. Nyingine, Marekani ikiwemo, haziuruhusu, na matokeo yake marubani huupata wa pili.

Watu wawili, usingizi mmoja

Chumba cha marubani kina viti viwili ili mmoja akiteleza mwingine amshike. Lakini wawili hao kwa kawaida wamekesha usiku ule ule. Uchovu unapomfikia mmoja, mara nyingi uko jirani na mwenzake.

Asubuhi ya Februari 13, 2008, ndege ndogo ya shirika la Go! iliruka kutoka Honolulu kwenda Hilo, safari isiyofika saa nzima kati ya visiwa vya Hawaii. Waongoza ndege waliita kwa dakika 18 bila kujibiwa. Ndege iliupita uwanja wake na kuendelea kuelekea baharini ikiwa na abiria 40, marubani wote wawili wamelala. Waliamka, wakageuza, wakatua salama. Baadaye rubani mkuu aligundulika kuwa na ugonjwa wa kuzibwa pumzi usingizini, ambao humfanya mtu alale usiku kucha na bado aamke akiwa hajapumzika.

Agosti 2022 jambo linalofanana na hilo liliripotiwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Khartoum ilifika Addis Ababa ikiwa bado futi 37,000, bila kuanza kushuka, huku mnara ukiita. Taarifa zilizosambaa zilisema marubani walikuwa wamelala, hadi mtambo wa kujiendesha ulipojizima na king'ora kikawaamsha. Shirika lilikiri kwamba mawasiliano yalipotea kwa muda, na likawaondoa marubani kazini wakati uchunguzi ukiendelea. Ndege ilizunguka, ikatua salama.

Kisha Januari 25, 2024, ndege ya Batik Air ilikuwa ikitoka Kendari kwenda Jakarta, Indonesia, na abiria 153. Rubani mkuu aliomba kulala kidogo, mwenzake akabaki na ndege. Baadaye naye akapitiwa bila kukusudia. Kwa dakika 28 hapakuwa na mtu macho mbele ya ndege ile. Rubani mkuu alipozinduka aliikuta imeiacha njia yake. Ripoti ya wachunguzi ilieleza jambo ambalo kila mzazi atalielewa: rubani msaidizi alikuwa na watoto mapacha wa mwezi mmoja nyumbani, na usiku alikuwa akiamka kumsaidia mkewe kuwalea. Hilo alilolifanya ni wajibu wa baba. Kosa lipo katika utaratibu uliomfikisha kazini bila mlango wa kusema kwamba jana hakupata hata lepe la usingizi.

Katika visa hivi vitatu hakuna aliyekufa. Mtambo wa kujiendesha uliishikilia ndege angani, anga lilikuwa wazi, mtu mmoja akaamka kwa wakati. Lakini hiyo ni bahati, na usalama wa anga haujengwi juu ya bahati.

Sekunde tisini

Tunapozungumzia uchovu tunawataja marubani na kuwasahau wahudumu wa ndege, kana kwamba kazi yao ni chai na mikate. Kwa kweli wako pale kwa ajili ya sekunde 90. Ili aina ya ndege iidhinishwe kubeba abiria, lazima ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Anayeuchagua mlango, anayechungulia nje kama kuna moto kabla ya kuufungua, anayempigia kelele abiria aache begi lake, ni mhudumu.

Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watano kati ya sita waliokuwa katika ndege ile ndogo walifariki. Katika ile kubwa walikuwemo watu 379, na wote walitoka hai. Mfumo wa kutangazia ulikuwa umekufa, na wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Waliikataa baadhi ya milango kwa sababu ya moto na kuwapeleka watu kwenye ile iliyokuwa salama. Uamuzi kama huo hufanywa na kichwa kilichopata usingizi wa kutosha. Mhudumu aliyemaliza usiku wa tatu mfululizo, aliyesimama saa kumi katika hewa kavu, anaweza kuufungua mlango wenye moto.

Sheria na matundu yake

Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo, jimbo la New York, na kuua watu 50. Usukani ulipotetemeka kuonya kwamba mwendo umepungua, rubani mkuu aliuvuta badala ya kuusukuma. Rubani msaidizi, mwenye miaka 24, alikuwa akiishi upande wa Seattle na kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, upande wa pili wa bara. Alisafiri usiku kucha ndani ya ndege za mizigo kupitia Memphis ili awahi zamu. Rubani mkuu alilala katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi pale uwanjani. Hakuna kati yao aliyekuwa na kitanda Newark.

NTSB ilikubali kwamba uchovu yaelekea uliwaathiri, lakini ikashindwa kupima kwa kiasi gani. Mwenyekiti wake, Deborah Hersman, alitaka utajwe miongoni mwa sababu, wenzake hawakukubali. Wafiwa nao hawakukaa kimya. Walikwenda Washington mara baada ya mara, wakibeba picha za ndugu zao, hadi bunge likapitisha sheria mwaka 2010. Kanuni zilizotokana nayo zilianza kutumika Januari 2014: saa kumi za mapumziko kabla ya zamu, ndani yake saa nane za kulala bila kukatizwa, ukomo wa zamu unaopungua kwa anayeanza kazi usiku, saa 1,000 za kuruka kwa mwaka, zisizidi. Lakini marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje ya kanuni hizo, ilhali mizigo ndiyo huruka usiku, na ajali ya Guantanamo ilikuwa ya ndege ya mizigo. Wanatumia anga lile lile na njia zile zile za kurukia.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeziachia nchi kuweka ukomo wake, na tangu 2011 linaruhusu pia mashirika kusimamia uchovu kwa takwimu: kukusanya taarifa za marubani, kupima usingizi wao, kurekebisha ratiba zinazochosha. Kwetu, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania, Kenya na Uganda zina kanuni zao, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga wenye makao Entebbe. Misingi ipo. Kinachohitajika ni kuzikagua zamu zenyewe, maana ukomo wa kwenye karatasi ukishatangazwa huweza kugeuka kuwa lengo, na mpanga ratiba akaujaza hadi dakika ya mwisho.

Tena saa za mapumziko zinazoandikwa si saa za usingizi. Chukua mapumziko ya saa kumi. Toa muda wa foleni ya uhamiaji, gari la kwenda hotelini, kula, kuoga, kuwapigia watoto simu, kisha kuamka mapema kuvaa na kurudi uwanjani. Kinachobaki mara nyingi ni saa sita, na kama ni mchana, jua liko dirishani na saa ya mwili inakataa kulala. Nasi tunaishi katika eneo la safari za usiku. Ndege nyingi kutoka Nairobi na Addis Ababa kwenda Ulaya huondoka kuelekea usiku wa manane ili zitue kukipambazuka. Ni rahisi kwa abiria mwenye mkutano, ni mlima kwa anayezirusha.

Neno “nimechoka”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Rubani anayeuficha uchovu haufichi kwa ujeuri. Analipwa kwa saa za kuruka, ana ada za shule, ana mkopo wa mafunzo ya urubani, na anajua kwamba jina lake likitajwa mara mbili kwa kukataa safari, mara ya tatu huenda lisitajwe kabisa. Kwa hiyo anaosha uso, anakunywa kahawa, anapanda. Na kwa kuwa uchovu umeshamwibia kipimo chake, anaamini kwa dhati kwamba yuko sawa.

Hapo ndipo ninapowakataa wanaosema kila rubani ajichunge mwenyewe. Huwezi kumkabidhi aliyechoka kazi ya kuupima uchovu wake, kama vile humwachii mlevi aamue kama anaweza kuendesha. Kazi hiyo ni ya wale waliolala vya kutosha: mpanga zamu aliyeko ofisini mchana, meneja, mkaguzi wa mamlaka. Ni ya sheria inayohesabu usiku kuwa usiku, bila kujali kama ndege imebeba watu au maua ya Naivasha. Ni ya utaratibu unaomruhusu rubani au mhudumu kusema “nimechoka” bila kukatwa mshahara wala kuwekewa alama kwenye jina lake, na unaomtibu mwenye kuzibwa pumzi badala ya kumfukuza.

Na ipo sehemu yetu sisi abiria. Siku utakapokuwa umeketi katika chumba cha kusubiri, watoto wanalia, na ikatangazwa kwamba safari imecheleweshwa kwa sababu marubani wamefikisha ukomo wa saa zao, usimtukane binti aliyeko kaunta. Keti. Mahali fulani nyuma ya ukuta ule, mtu amekuwa na ujasiri wa kusema kwamba asiruke, na mwingine amekuwa na busara ya kumsikiliza. Wewe utachelewa, lakini utafika.